Shajara ya bodi ya kamera, toleo la pili: mkondo unarudi kupitia wapi?

Jumatatu. Nimekabidhiwa faili

Bodi yenyewe ni ya kuendesha kamera: prosesa moja, chipu mbili za memori ya DDR3L, Etaneti ya megabiti 100, USB, na umeme wa volti 12 unaoshushwa hadi 5, 3.3, 1.35 na 1.1. Toleo la kwanza lilichorwa kabla sijaingia kwenye mradi, kwa matabaka manne. Juu ya meza linafanya kazi vizuri tu. Lilipopelekwa kwenye chumba cha kupimia mnururisho (mawimbi ya redio yanayovuja kutoka kwenye kifaa) kwa jaribio la awali, likarudi na grafu yenye alama mbili nyekundu: kilele chembamba kwenye megahezi 250, na mwinuko mpana unaozunguka megahezi 160.

Mpaka tunaopimwa nao ni wa CISPR 32, kiwango cha kimataifa cha mawimbi yanayovuja kutoka kwenye vifaa vya kielektroniki, daraja B. Kwa umbali wa mita 10 unaruhusu desibeli 30 (zikihesabiwa kutoka mikrovolti 1 kwa mita) kuanzia megahezi 30 hadi 230, kisha 37 kutoka hapo hadi megahezi 1000. Tumevuka kote kuwili, na pale kwenye 250 tumevuka kwa desibeli 9. Hiyo si ya kupuliziwa dawa siku moja kabla ya jaribio.

Mwenzangu wa programu ameongeza la tatu ambalo halimo kwenye grafu. Bodi hujizima na kuwaka upya yenyewe, si kila wakati, ila ikitokea huwa ni pale picha zinapomiminwa kwenye mtandao. "Kaka, programu yangu haina neno," ananiambia. Namwamini, maana kasoro ya programu kwa kawaida huacha alama kwenye rekodi, na hapa rekodi inakatika katikati ya sentensi.

Kazini tumezoea kuyagawa mambo haya mafungu matatu: ubora wa ishara, ubora wa umeme, udhibiti wa mwingiliano. Kila fungu lina mtu wake na kikao chake. Mimi nayaandika kwenye daftari moja kwa sababu swali ni lile lile: mkondo uliotoka hapa unarudi kupitia wapi? Mchoro wa saketi haujibu. Mle ndani graundi (shaba ya volti sifuri ambayo mikondo hurudi kupitia kwake) ni kialama kilichopachikwa kila pembe, kana kwamba kote ni mahali pamoja.

Jumanne. Kwanza vipimo

Kabla ya kulehemu chochote nimeangalia kile ninachopimia. Probu ya oskiloskopu niliyoikuta mezani ina waya wa graundi wenye mdomo wa mamba, urefu wa sentimita 15. Waya kama huo una indaktansi (ukaidi dhidi ya mabadiliko ya mkondo) ya nanohenri 150 hivi, na ncha ya probu ina pikofaradi 10. Piga hesabu ya mwangwi wa hivyo viwili, yaani masafa ambayo hutetemeka vyenyewe vikiwa pamoja: unapata karibu megahezi 130. Yaani probu yenyewe inaimba jirani kabisa na mahali ninapowinda kelele. Picha nzuri nzuri za mawimbi yanayoruka ambazo zimo kwenye ripoti ya toleo la kwanza, nusu yake huenda ni za waya huo.

Nimeuvua, nikavisha springi fupi inayogusa graundi milimita chache tu kutoka kwenye ncha. Kwa reli za umeme (njia zinazogawa kila volteji kwenye bodi) nimelehemu kebo nyembamba ya koaksi moja kwa moja juu ya kapasita. Kwa kusikiliza uga wa sumaku nimetengeneza kitanzi cha koaksi chenye kipenyo cha sentimita 1, kimeunganishwa na kichanganuzi cha spektra. Kitanzi hicho hakiwezi kukwambia kama utafaulu chumbani. Kazi yake ni kuonyesha mahali, na mahali ndiko ninakokutafuta.

Jumatano. Megahezi 250

Saa ya Etaneti kwenye bodi hii ni ya megahezi 50. Hamoniki yake ya tano (masafa yake mara tano) ni 250, kwa hiyo mshukiwa alijulikana kabla hata ya kuwasha kifaa. Kilichonisumbua ni kwa nini ya tano iwike kuliko ya tatu, wakati kwa wimbi la mraba ya tatu ndiyo yenye nguvu zaidi.

Jibu limetoka kwenye kebo bapa inayokwenda kwa lenzi. Nilipoichomoa, kilele kikaporomoka. Urefu wake ni sentimita 30, na robo ya urefu wa wimbi la megahezi 250 hewani ni sentimita 30. Kebo imegeuka antena iliyokatwa kwa kipimo, na hakuna aliyeikata kwa nia hiyo.

Lakini saa ya Etaneti haiendi kwenye kebo hiyo hata kidogo. Imefikaje? Nimepitisha kitanzi polepole juu ya njia ya saa, kutoka kwenye chipu ya Etaneti hadi kwenye prosesa, urefu wa sentimita 9. Sehemu kubwa ya njia iko kimya. Katikati, sindano inaruka. Nimefungua faili, nikazima tabaka zote isipokuwa la graundi, na ukweli ukawa huo mbele ya macho: graundi imekatwa vipande viwili, "ya analogi" na "ya dijitali", ufa wa milimita 2, na njia ya saa imeuvuka kama haupo.

Mkondo wa moja kwa moja ukirudi kwenye graundi hutafuta ukinzani mdogo, hivyo hutawanyika eneo lote. Masafa yakipita kilohezi mia kadhaa, mkondo hutafuta indaktansi ndogo, na indaktansi ndogo ipo chini kabisa ya njia uliyokwenda nayo. Mkondo wa saa ulikuwa unarudi chini ya njia yake kwa utulivu mpaka ulipoukuta ufa. Hapo ulilazimika kuzunguka hadi kwenye daraja jembamba linalounganisha vipande, sentimita 4 pembeni, kisha urudi. Ule mzunguko ni kitanzi, na kitanzi hurusha mawimbi. Baya zaidi, kati ya ukingo mmoja wa ufa na wa pili inazaliwa volteji ya masafa ya juu. Kebo ya lenzi imeshikwa upande mmoja, kebo ya Etaneti upande wa pili. Volteji ya ufa inazisukuma kebo hizo mbili kama mikono miwili ya antena.

Na haihitajiki nyingi. Kwa kebo ya sentimita 30, megahezi 250 na umbali wa mita 10, mkondo wa mikroampea 7 hivi unaotembea kwa mwelekeo mmoja kwenye waya zote za kebo unatosha kukufikisha kwenye mpaka. Mkondo wa ishara yenyewe ni wa miliampea makumi. Tunazungumzia kilichovuja, tena chembe yake.

Jaribio: nimekwangua rangi pande zote mbili za ufa chini ya njia ya saa, nikalehemu kipande cha utepe wa shaba juu yake. Kilele kimeshuka desibeli 11 kwenye kipimo cha mezani. Utepe huo wa upana wa kidole umefanya kazi kuliko feraiti zote (pete za kuzuia kelele) zilizokuwa zimevishwa kebo.

Njia hiyo hiyo ilikuwa na jambo la pili. Rezista ya omu 33 ipo, ila imekaa upande wa kupokea. Pale haisaidii kitu. Chipu inayotoa saa ina ukinzani wa ndani wa omu 17 hivi. Ukiweka 33 mguuni pake, jumla ni 50 na inalingana na omu 50 za njia. Wimbi likienda na kuakisiwa mwishoni, linarudi kwenye chanzo na kumezwa. Bila hivyo linaenda na kurudi likipungua kidogo kidogo. Kwa ukingo wa nanosekunde 1 na njia ya sentimita 9, ambamo wimbi hutembea kama sentimita 17 kwa nanosekunde, huwezi kujifanya hujaona: kanuni ya mezani ni kwamba ukizidi sentimita 3 hivi kwa ukingo kama huo, shughulikia mwakisiko. Nimesikia mara nyingi "megahezi 50 tu, si kasi kubwa." Masafa ya saa hayahusiki sana hapa, kinachohusika ni ukali wa ukingo. Gawanya 0.35 kwa nanosekunde 1, unapata megahezi 350, na mpaka huko njia yako lazima iwe na adabu.

Ijumaa. Mwinuko wa 160

Huu umenichukua muda mfupi. Mwinuko mpana usiokaa kwenye masafa yoyote ya saa karibu daima ni kibadilisha volti. Chetu kinashusha 12 hadi 5 kwa kuwasha na kuzima mara 500,000 kwa sekunde, na kila swichi inapofungwa volteji inaruka na kutetemeka. Springi ya probu imeonyesha mtetemo wa megahezi 160 safi.

Kuna ujanja wa zamani wa kuutuliza ambao hauhitaji kujua chochote cha ndani ya chipu. Unaongeza kapasita kati ya nodi ya swichi (pale swichi mbili zinapokutana) na graundi mpaka masafa ya mtetemo yashuke nusu. Kwangu pikofaradi 680 zimeshusha 160 hadi 80. Masafa yakishuka nusu, kapasitansi imekuwa mara nne, kwa hiyo ile iliyojificha ni theluthi ya uliyoongeza: pikofaradi 227. Kutoka hapo indaktansi ya kitanzi inatoka yenyewe, nanohenri 4.4, na kipeuo cha pili cha uwiano wake na kapasitansi ni omu 4.4. Nimeweka rezista ya omu 4.7 ikifuatana na kapasita ya nanofaradi 1. Mtetemo umekufa baada ya mizunguko miwili. Gharama yake ni joto: nanofaradi 1, volti 12 kipeo cha pili, mara 500,000, ni wati 0.072. Rezista ndogo inalibeba bila kulalamika, mradi usichague ile ndogo kupindukia.

Hata hivyo dawa hiyo inatibu homa. Nanohenri 4.4 zimetoka wapi? Zimetoka kwenye kitanzi kati ya kapasita ya kuingilia na swichi mbili. Kwenye toleo la kwanza kapasita hiyo imewekwa milimita 11 kutoka kwenye chipu, upande wa pili wa bodi, kwa sababu huko ndiko kulikuwa na nafasi. Kwenye toleo la pili hiyo ndiyo sehemu ya kwanza kupangwa na ya mwisho kuhamishwa. Tena kapasita ya mikrofaradi 10 ya kauri, ukiiwekea volti 12 wakati imeandikwa 16, inaweza kupoteza zaidi ya nusu ya mikrofaradi zake. Soma grafu ya mtengenezaji, usisome lebo.

Wiki iliyofuata. Bodi inayojizima

Hapa ndipo nimekaa sana.

Reli ya volti 1.1 ndiyo inayolisha moyo wa prosesa. Inaruhusiwa kuyumba asilimia 5, yaani milivolti 55. Mkondo unaweza kuruka ampea 1.5 kwa ghafla. Gawanya: impidansi (ukinzani kwa mkondo unaobadilika) ya njia nzima ya umeme, kama prosesa inavyoiona, isizidi miliomu 37 kuanzia masafa ya chini hadi megahezi makumi. Hilo ndilo lengo, na ni bora kuliandika juu ya ukurasa kabla ya kuhesabu kapasita.

Kapasita zipo nyingi. Nanofaradi 100 zimepangwa safu nzuri kuzunguka prosesa, kila moja na kijinjia chake chembamba hadi kwenye tundu lake, lile lenye shaba linalounganisha tabaka na tabaka. Kijinjia na tundu vinaongeza indaktansi. Ikifika nanohenri 1 kwa jumla, kapasita hiyo inaanza kuwa koili baada ya megahezi 16. Kapasita iliyo mbali na chipu ni mtungi ulioachwa kisimani: maji yamo, lakini kiu ni ya nanosekunde. Nililitegemea hili kuwa chanzo. Nilipolehemu kapasita za ziada karibu zaidi, kelele za masafa ya juu zikapungua, na bodi ikaendelea kujizima vile vile.

Kilichofungua fundo ni mwenzangu wa programu. Aliandika programu ndogo inayofanya prosesa ichape kazi na kupumzika kwa zamu, na muda wa zamu unabadilishwa kwa kitufe. Zamu za kila mikrosekunde 100: kimya. Mikrosekunde 5: kimya. Akapita polepole katikati, na kwenye mikrosekunde 20 bodi ikajizima palepale. Akarudia, ikajizima tena. Mikrosekunde 20 ni kilohezi 50. Hakuna kijinjia cha shaba kinachosumbua kwenye kilohezi 50.

Nilifuata reli kutoka kwa kibadilisha volti hadi kwa prosesa na nikaukuta ushanga wa feraiti, umewekwa kwa mfululizo "kuchuja kelele". Ushanga ulioandikwa omu 600 kwenye megahezi 100, masafa yakiwa ya chini, ni koili ya kama mikrohenri 1. Mbele yake kuna kapasita ya kauri ya mikrofaradi 10. Mwangwi wa mikrohenri 1 na mikrofaradi 10 ni kilohezi 50. Hapo impidansi inapanda hadi miliomu mia kadhaa, mara kadhaa ya lengo letu la 37, na kauri ina ukinzani mdogo mno wa kuuzima mwangwi. Picha zilipokuwa zikitumwa kwenye mtandao, vifurushi vilitokea kwenda kwa mdundo wa karibu na huo. Kikulacho ki nguoni mwako: kifaa kilichowekwa kuilinda reli ndicho kilichokuwa kikiiangusha.

Nimeutoa ushanga, nikaweka daraja la shaba. Reli, ambayo ilikuwa ikizama chini ya volti 1.0, sasa inayumba milivolti 30. Mwenzangu ameiacha programu yake ikipita masafa yote usiku kucha, na asubuhi bodi ilikuwa ingali hai.

Siko kinyume na ushanga wa feraiti. Una mahali pake, kwa mfano kwenye lishe ya saketi tulivu ya analogi yenye mkondo mdogo, na hata hapo uwekewe kapasita kubwa yenye ukinzani kidogo sambamba ili kuzima mwangwi. Kuuweka kwenye reli ya moyo wa prosesa ni kumfunga mkimbiaji miguu ili asivumbishe vumbi.

Kuchora upya

Matabaka sita sasa: ishara, graundi, ishara, umeme, graundi, ishara. Kila tabaka la ishara lina graundi inayopakana nalo. Umeme na graundi ya pili vimetenganishwa kwa milimita 0.1 tu, kwa hiyo shaba zenyewe zinatoa pikofaradi 38 hivi kwa kila sentimita ya mraba. Kwenye matabaka manne, ambako ziliachana kwa milimita 1.2, zilitoa 3. Si nyingi, nakubali, ila faida kubwa iko kwenye indaktansi: mkondo kutoka kwenye kapasita hadi kwa chipu unapita kwenye shaba mbili zilizobanana.

Graundi haikatwi. Saketi ya analogi imewekwa kona yake na hakuna ishara ya dijitali inayopitishwa huko; hilo linatosha.

Unene wa tabaka nimeuomba kiwandani kabla ya kuhesabu upana wa njia, omu 50 kwa njia moja moja, 90 kwa jozi ya USB, 100 kwa jozi za Etaneti. Njia inaposhuka kutoka tabaka la 1 hadi la 6, mkondo wa kurudi nao lazima uhame kutoka graundi moja hadi nyingine, basi kila tundu la ishara muhimu lina tundu la graundi ubavuni, umbali wa milimita 1. Njia za memori nimezilinganisha kwa muda na si kwa urefu: tabaka la ndani huchukua pikosekunde 7 hivi kwa milimita, la nje karibu 6. Zile nyoka nyoka za shaba zinapendeza kwenye picha, lakini zikibanana zinavujiana zenyewe kwa zenyewe, hivyo nimeziacha chache na zenye nafasi.

Konekta zote zenye kebo zimehamia ukingo mmoja wa bodi. Volteji yoyote iliyobaki kwenye graundi haipati tena kebo pande mbili za kusukuma. Ngao ya konekta ya Etaneti imegusa kasha kwa mduara mzima badala ya kwa mkia wa waya.

Bodi zimefika

Umeme kwanza, prosesa baadaye. Nodi ya swichi inatetemeka kidogo sana hata bila rezista na kapasita yake; nimeziacha hata hivyo. Reli ya 1.1 inayumba milivolti 18 kwa jaribio la zamu, kwenye kila masafa tuliyopita. Mwinuko wa 160 umezama chini ya sakafu ya kipimo. Kilele cha 250 kipo, desibeli 8 chini ya mpaka.

Kilichojitokeza ni 400, saa ya memori, ambayo zamani ilifunikwa na kelele nyingine. Iko desibeli 3 tu chini ya mpaka, na chumba kingine cha kupimia kinaweza kutofautiana na hiki kwa kiasi hicho. Mwenzangu ameshauri tutawanye masafa ya saa kidogo ili kilele kilale. Kwa memori ingewezekana, lakini kwenye prosesa hii saa ya memori na ya Etaneti zinatoka kwenye chanzo kimoja, na Etaneti inataka usahihi wa sehemu 50 kwa milioni, wakati kutawanya kwa asilimia 0.5 ni sehemu 5000. Tumeshusha nguvu ya kutoa ishara badala yake, kutoka mpangilio wa omu 34 hadi 40. Ni mstari mmoja wa programu. Kilele kimeshuka desibeli 2, na mawimbi ya memori bado yana nafasi ya kutosha kati ya kingo zake.

Yaliyobaki: mshtuko wa umeme tuli, kilovolti 4 kwa kugusa na 8 kwa hewa, hasa kwenye konekta ya USB. Kurudia zamu za mikrosekunde 20 bodi ikiwa na joto la nyuzi 70, maana kapasita za kauri hupungua huko. Na kumwomba mchora kasha aondoe rangi pale ngao ya Etaneti inapogusa. Kwenye sampuli tuliyopokea imepakwa yote, na mita inasoma hakuna mguso.